Usimtoroke mtoto: kuwalea wadogo baada ya wazazi kuachana

Mtoto wa miaka miwili hadi sita haelewi talaka. Anachoona ni kwamba viatu vya baba havipo mlangoni. Kichwani ana maswali matatu: nitalala wapi, nani atanipeleka shule, na mama naye ataondoka? Mjibuni kabla hajauliza.

Mwambieni mkiwa wawili, siku mbili tatu kabla mmoja hajahama, mchana, wala si wakati wa kulala. Maneno yawe machache: “Baba na mama hatutaishi tena nyumba moja. Baba atakaa Tabata, na Ijumaa utalala kwake. Si kosa lako. Sisi bado ni baba yako na mama yako.” Msimdanganye kwamba baba amesafiri, maana atamsubiri kila jioni, na siku akimwona sokoni hatawaamini tena. Kesho atauliza swali lilelile. Mpeni jibu lilelile. Anapima kama limebadilika.

“Wiki ijayo” si kitu kwa mtoto wa miaka minne. Chora miraba saba kwenye karatasi, njano siku za mama, bluu za baba, na kila asubuhi akate mraba mmoja kwa mkono wake. Nakala ibandikwe kwenye nyumba ya pili. Aliye chini ya miaka mitatu hunufaika zaidi na kuonana mara nyingi kwa muda mfupi kuliko kukaa wiki nzima bila kumwona mzazi mmoja.

Mambo huharibikia kwenye kuagana. Wengi wetu tumezoea kumtoroka mtoto: anapelekwa dukani kununuliwa pipi, akirudi mzazi hayupo. Siku hiyo hakulia sana, lakini tangu hapo anakufuata hadi chooni na hakubali kulala, kwa sababu amejifunza kwamba ukigeuza macho, watu hupotea. Mwambie dakika kumi kabla. Mkumbatie, mtajie siku: “Nitakuja Jumapili tukishakula mchana.” Kisha ondoka, hata kama analia. Ukirudi getini mara tatu kumbembeleza, atadhani kweli pana hatari. Na Jumapili hiyo uje.

Begi liwe na kitu kimoja cha kwenda nacho na kurudi nacho, hata kipande cha kanga ya mama anacholalia. Kama anatumia dawa, kipimo na saa viandikwe kwenye karatasi. Ada na matumizi msizungumzie mlangoni. Kama hamwezi kuonana bila kufokeana, mmoja ampeleke chekechea asubuhi, mwingine amchukue mchana, na mwalimu ajue. Palipo na kipigo au vitisho, usikutane na mwenzio peke yako, na usijilazimishe hata kuzungumza na mtoto mkiwa wawili.

Akirudi huenda akawa na hasira, akadeka, au akaanza tena kukojoa kitandani. Usikimbilie kusema “wamemfundisha huko kwao.” Mara nyingi ni uchovu wa kuhama. Mwache saa moja acheze karibu nawe bila kuhojiwa alikula nini na nani alikuwepo. Tandika plastiki chini ya shuka, na fimbo isiguswe. Lakini hali ikiendelea kwa wiki kadhaa, akikataa chakula, au akimwogopa mtu mmoja kwa jina, nenda kwa afisa ustawi wa jamii au piga 116, simu ya bure ya watoto Tanzania.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba aliye chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, ila mahakama yaweza kuamua vingine kwa maslahi ya mtoto. Wala hilo halimwondolei baba wajibu wa matunzo. Mkielewana kuhusu siku na fedha, andikeni na kila mmoja abaki na nakala.

Bibi na shangazi waambieni mapema, kwa heshima, kwamba maneno kama “baba yako katutupa” yasisemwe mtoto akiwepo, hata akionekana amelala.