SOMO: Kutoboa mchemraba tundu apite mwenzake anayelingana naye

Wakuu, leo tunahitaji bikari, rula na mkasi tu. Karne ya 17 Prince Rupert aliweka dau kwamba michemraba miwili ikilingana, mmoja unatoboka tundu na mwenzake anapita humo, na mwanahisabati John Wallis akaja kuiandika stori hiyo 1693 kwamba jamaa alishinda.

Hatua ya 1. Kata mraba wa karatasi, sm 10 kwa sm 10. Huo ndo uso wa mchemraba utakaopita.

Hatua ya 2. Hapa ndo penye utamu, someni taratibu. Mchemraba wa pili, ule utakaotobolewa, usiutazame usoni, uchungulie kutokea kwenye ncha, mpaka ile ncha ya nyuma kabisa ijifiche nyuma ya ncha ya mbele. Mraba umepotea, sasa unaona pembesita, na kila upande wake ni 10 mara kipeuo cha pili cha 2/3, yaani sm 8.16 na ushee.

Hatua ya 3. Fungua bikari sm 8.1 (msiende 8.2 mtaambiwa mmechakachua), chora duara, kwa upana uleule piga alama sita, unganisha.

Hatua ya 4. Laza mraba katikati, pande zake mbili ziwe sambamba na pande mbili za pembesita. Umeenea wote! Pembesita kamili ya 8.16 inabeba mpaka mraba wa sm 10.35, kwa hiyo tundu unalitoboa kufuata mstari wa ncha kwa ncha.

MASWALI

– Mkuu nimejaribu na mche wa sabuni umepasuka.
Lazima upasuke, kwenye kona za tundu ukuta unabaki kama milimita 2 na mchemraba wenyewe ni wa sm 10, sasa huo wa sabuni si ndo balaa. Tumia kadibodi.

– 10.35 ndo mwisho?
Hapana, Mholanzi Pieter Nieuwland alilielekeza tundu kwingine, unapita wa sm 10.6, mkubwa kuliko uliotobolewa!

– So kila umbo linapita?
Tufe halipiti, kivuli chake ni kilekile kokote. Ila yale ya nyuso bapa yasiyo na mabonde wengi walidhani yote yanapita, mpaka 2025 Jakob Steininger na Sergey Yurkevich wakaja na umbo walilolibatiza Noperthedron, ncha 90, nyuso 152, ligeuze utakavyo halipiti.

– Inasaidia nini maishani?
Dau za soda kijiweni, mi nishakunywa mbili.