Kulinda na Kurejesha Ukaazi wa Kudumu wa Marekani Ukikawia Nje ya Nchi

Wengi wenye Green Card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, huamini kwamba kukanyaga Marekani kila baada ya miezi kadhaa, japo kwa wiki moja, kunatosha kuilinda. Hakutoshi. Kinachopimwa ni kama makao yako bado yako huko na kama safari yako ilikuwa ya muda tu. Hata hivyo miezi ina uzito wake: ukipitisha siku 180, ofisa wa uhamiaji anaweza kukuchukulia kama mtu anayeomba kuingia upya, na ukifikisha mwaka mmoja kadi peke yake haitoshi tena kuwa hati ya kuingilia.

Anayejua mapema kwamba atakawia, tuseme anakwenda Mombasa kumuuguza mzazi, aombe kibali cha kurejea kwa fomu I-131 kabla hajaondoka, kwa kuwa ombi hilo huwasilishwa mwombaji akiwa ndani ya Marekani. Kibali hudumu hadi miaka 2. Akiwa nje aendelee kutoa ritani za kodi kama mkaazi, maana kujitangaza si mkaazi ili kupunguza kodi ni kujitia kitanzi.

Aliyepitisha mwaka bila kibali hubakiwa na viza ya mkaazi anayerejea, SB-1, inayoombwa ubalozini kwa fomu DS-117. Atathibitisha kwamba alikuwa mkaazi alipoondoka, kwamba alikusudia kurudi na hakuacha nia hiyo, na kwamba alicheleweshwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Hili la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Kusema “mama aliugua” hakusaidii kitu. Barua ya hospitali yenye tarehe za kulazwa, tiketi ya kurudi iliyoahirishwa na mkataba wa nyumba ya Marekani unaoendelea kulipiwa vina nguvu. Mkataba wa kazi uliousaini kwa hiari yako Dar es Salaam, kwa maoni yangu, ni utetezi dhaifu. Ukikataliwa, mara nyingi hubaki kuombewa ukaazi upya na ndugu au mwajiri.

Ukiwa uwanja wa ndege huenda ukapewa fomu I-407 ya kuukana ukaazi. Kuisaini ni hiari. Usipokubaliana nayo, usisaini; omba kusikilizwa na jaji wa uhamiaji, ambako ni serikali inayopaswa kuthibitisha kwamba uliuacha ukaazi wako.