Jinsi ya kuangalia tivii na familia kama Mkristo, bila kuzima kila kitu wala kumeza kila kitu

Wazazi wengi wa Kikristo nnaowajua wana chujio moja tu, rimoti. Wakianza kubusiana chaneli inabadilishwa, mchawi akitokea inabadilishwa, tusi likitoka mama anamtuma mtoto maji jikoni, alafu sini ikishapita mnarudi palepale mnaendelea kama kawaida. Sa ndugu yangu, hiyo sini ya sekunde kumi mara nyingi ndo kitu kidogo kuliko vyote vilivyoingia sebuleni usiku ule. Saa nzima kabla ya hapo tamthilia ilikuwa inawafundisha wote, wewe, bibi, dada na watoto, kumuombea mwanamke mmoja afe ili mwingine aolewe, na hamna aliyegusa rimoti.

Ukumbuke tivii imetukuta ukubwani sisi. Tanzania bara vituo vya kwanza vimeanza kurusha 1994, Zanzibar walitutangulia toka miaka ya 70, kwahiyo wazazi wetu wengi hawakuwa na mila yoyote ya kuturithisha kuhusu kuangalia tivii na watoto. Ya hadithi walikuwa nayo. Bibi anasema paukwa, tunaitikia pakawa, anasimulia, mtoto anamkatisha anauliza kwanini fisi kapigwa peke yake wakati na sungura kaiba, bibi anajibu alafu anaendelea. Tivii inasimulia ila haijibu, inabidi wewe ndo uwe wa kujibu. Kumbukumbu la Torati 6:7 inawaambia wazazi wayanene maneno ya Mungu kwa watoto wao "uketipo katika nyumba yako", na sa hivi tukiketi katika nyumba zetu jioni tunaketi mbele ya tivii, basi hapohapo ndo pa kuongelea.

Anza na swali moja tu, msiulize mengi: tunamshangilia nani, na tunamtakia nini yule tusiyempenda? Liulize kwanza moyoni mwako kabla hujawauliza watoto. Tamthilia hizi za Kituruki, Kifilipino, Kihindi, na hata za kwetu, nyingi zinatembea kwa kisasi. Binti maskini kaonewa, anarudi na pesa, anawamaliza mmoja mmoja, na mwandishi anajua kazi yake, anahakikisha kila anayeanguka unasikia raha. Mi sisemi hadithi ya mtu aliyeonewa ni mbaya, Biblia imejaa watu walioonewa, Yusufu aliuzwa na ndugu zake kabisa. Ila Yusufu alivyopata nafasi ya kuwamaliza alilia akawapa chakula. Mwambie mtoto hivyohivyo, "unamkumbuka Yusufu? yeye alifanyaje?" alafu nyamaza umsikilize. Warumi 12:19 inasema msijilipize kisasi, mwachieni Mungu, na mtoto wa miaka nane analielewa hilo vizuri zaidi akiwa amekaa mbele ya mtu anayelipiza kisasi kuliko akisomewa Sunday school bila mfano wowote.

Na hili limekuwa kubwa kuliko zamani kwasababu sa hivi vitu vimetafsiriwa. Zamani tamthilia ilikuwa kwa Kiingereza, mdogo anaona picha tu, anachoka anasinzia. Leo inaongea Kiswahili safi na mtoto wa miaka minne anafuata kila neno, anajua nani mke na nani mchepuko. Hata kwenye sinema za kuingizwa sauti na madijei, kama zile za DJ Afro kule Kenya, unasikiliza watu wawili, sinema yenyewe na dijei anayeongeza maneno yake juu, kwahiyo usiseme hii nimeshaiona haina shida, kwasababu maneno ya dijei hujayasikia.

Swali la pili nalolipenda ni hili, maisha mazuri yameonyeshwaje humu? Jumba lenye ngazi za ndani, magari manne, watu wanaamka na vipodozi usoni, hamna anayeenda kazini na pesa haiishi. Na kuna mtu mmoja tu anayefanya kazi kwenye nyumba ile, dada wa kazi, na yeye anafokewa kila episodi. Angalia wiki inayofuata mwanao anavyomuagiza dada yenu wa kazi, sikiliza sauti yake. Kama imebadilika usitafute mbali. Hapo hakuna busu wala tusi, hakuna kitu cha kukufanya ushike rimoti, lakini Yohana anaitaja kwa jina, tamaa ya macho na kiburi cha uzima, 1 Yohana 2:16. Mwambie mtoto wazi, "yule mama anavyomuongelesha dada pale si sawa, kwetu hatuongei hivyo", na umwambie dada akiwepo, asikie na yeye.

Sasa nije kwenye kitu ambacho wapendwa wengi hawapendi kukisikia. Filamu zenye lebo ya dini ndo zinahitaji macho zaidi. Tunajua zile za Kinigeria, na za Bongo zilizofuata mkondo huohuo, za mchawi na mchungaji, mwisho yanatokea maandishi ya kumpa Mungu utukufu, basi mama anasema hii ni ya kiroho, watoto kaeni. Ebu chukua saa uipime. Mchawi anapewa karibu filamu nzima, ana nguvu, anapaa, anageuka nyoka, anaua kwa kioo, mchungaji anakuja dakika za mwisho anapiga kelele anamwaga mafuta imeisha. Mtoto anaenda kulala na nini kichwani? Na nyoka. Atakuwa amejifunza kwamba shangazi maskini asiye na mtoto ndo wa kumuogopa, kwamba ugonjwa wowote una mtu nyuma yake, na kwamba Yesu ni aina ya mganga mwenye dawa kali kuliko wenzake. Sidhani kama hiyo ni Injili. Kwenye vijiji vyetu mabibi kizee wameshauawa kwa tuhuma kama hizo, macho mekundu tu ya moshi wa kuni yanatosha mtu kuitwa mchawi, kwahiyo mtu asiniambie ni burudani tu. Kama imeshaonekana nyumbani kwenu, kaeni mzungumze kabla ya kulala, someni hata Wakolosai 2:15, kwamba Kristo ameshazivua enzi na mamlaka, alafu muombe mkiwa mmetulia, bila kukemea kwa makelele yatakayomuongezea mtoto hofu.

Kwa mantiki hiyohiyo filamu isiyomtaja Mungu hata mara moja inaweza kuwa na kitu kizuri. Baba anayeomba msamaha kwa mwanae, rafiki anayesema ukweli unaomgharimu, mzee anayetunza mgonjwa. Filipi 4:8 inasema mambo yoyote yaliyo ya kweli, ya staha, ya haki, yaliyo safi, na hilo "yoyote" ni pana. Paulo pale Athene, Matendo 17:28, alinukuu mshairi wao kabisa, mpagani, akatumia mstari wake kuhubiri. Danieli alisoma elimu ya Wakaldayo na lugha yao, chakula cha mfalme ndo akakataa, yaani alijua cha kupokea na cha kukataa humohumo Babeli. Kwahiyo ukiona jema kwenye tamthilia liseme pia, lisifie mbele ya watoto. Mzazi anayeongea pale tu anapokataza, watoto wanajifunza kuangalia akiwa hayupo.

Katuni sina mengi. Zipo nzuri, na zipo za nyumbani, Ubongo Kids inatengenezwa Dar es Salaam na ilianza kurushwa 2014, inafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, muwekee mtoto bila wasiwasi. Katuni zenye uchawi wa fimbo na nyota watu wanagombana sana. Mi naona inategemea mtoto na mahali. Mtoto wa Ulaya fimbo ya katuni kwake ni ngano tu, mtoto anayesikia kila siku fulani kalogwa jirani hapo anaweza kuchanganya, hivyo muulize yeye anaelewaje kabla hujaamua. Na YouTube usimuachie mtoto simu ukadhani ni katuni tu, mwaka 2017 iliibuka dunia nzima habari ya video zilizotumia sura za katuni maarufu huku ndani kuna ukatili na uchafu, na zilikuwa zinawafikia watoto kwa sababu video moja ikiisha nyingine inajicheza yenyewe. Zima hiyo ya kujicheza yenyewe, iko kwenye setingi. Netflix weka profaili ya mtoto na uifunge ya kwako kwa PIN. Kwenye king'amuzi weka namba ya siri, na usome herufi zinazotokea mwanzoni kwenye DStv, V ni ukatili, S ni ngono, L ni lugha chafu, N ni uchi. Kenya bodi yao ya filamu inatumia GE (ya watu wote), PG (mtoto aangalie na mzazi), 16 na 18 (umri wa kuanzia). Zinasaidia, ila hakuna herufi ya kisasi wala ya dharau, hiyo ni kazi yako.

Mpira. Wababa mnajua naongelea nini. Mechi ni kitu kizuri, watoto na baba kukaa pamoja Jumamosi ni baraka, lakini hesabu matangazo ya kubeti kabla ya mechi, nusu taimu na baada ya mechi, alafu mtazame mwanao kavaa jezi yenye jina la kampuni ya kubeti kifuani. Vilabu vya Ligi Kuu ya Uingereza wenyewe walikubaliana 2023 kuyatoa majina hayo kifuani mwa jezi baada ya msimu wa 2025/26, sasa kama wao wameona lina shida sisi waombaji tunanyamaza vipi. Ongea na kijana wako nusu taimu, sauti ikiwa chini, umueleze kwa hesabu, hizo kampuni zinapata wapi hela ya kulipia hayo matangazo yote.

Lakini labda unasema mbona sebule si yangu peke yangu. Ni kweli, nyumba zetu zina bibi, wajomba, dada, wageni, na huwezi kumnyang'anya mama mkwe rimoti ukabaki na amani. Usijaribu hata. Mfuate muda mwingine, siyo tamthilia ikiwa hewani, mwambie kwa heshima, "Mama, naomba msaada wako, hawa watoto wanakusikiliza wewe kuliko mimi, mkiwa mnaangalia naomba uwe unawauliza huyu kafanya vizuri au vibaya." Wabibi wengi watafanya na watafanya vizuri kuliko wewe, wamezisimulia hadithi miaka yote. Dada wa kazi naye mshirikishe, yeye ndo yupo na watoto mchana, kaa naye mpange pamoja vipindi, umueleze sababu, usimpe tu orodha ya makatazo kama polisi. Na jirani ambako watoto wanaenda kuangalia, mjue, msalimie, jua kwake kunawekwa nini.

Wapo ndugu walioamua hawaweki tivii kabisa nyumbani. Msiwacheke, na wao wasituhukumu, Warumi 14 ipo kwa ajili hiyo. Wasabato Ijumaa jua likizama wanazima na maisha yanaendelea, watoto wanaimba. Wakatoliki na Walutheri wengine wanafunga tamthilia Kwaresma, na mi nakushauri ujaribu hata kama kwenu hamna Kwaresma, wiki moja tu. Ukikuta ikifika ile saa yake unakuwa mkali kwa watoto, au sala ya jioni umeifupisha miezi yote hii ili uwahi kuanza kwake, basi umeshajua kitu ambacho hakuna mhubiri angekwambia.

La mwisho ni pale mtoto ameshaona. Ameona kwa rafiki, au kwenye simu, au wewe mwenyewe ulisinzia. Usifoke, na usimuulize mbele ya watu. Mkae wawili, umuulize aliona nini na alijisikiaje, umuache amalize hata kama maneno yake yanakuchoma. Kama ni uchi, mwambie miili yetu Mungu ameiumba kwa heshima na kile hakikuwa cha heshima, kosa si lake. Kama ni damu au mapepo, usiku ule alale karibu na wewe. Alafu mwambie kwamba akiona kingine aje akuambie na hatapigwa, na siku akija kweli, usimpige.