Kompyuta Imegoma Baada ya Kusasishwa: La Kufanya Kabla ya Kupiga Window Upya

Kompyuta iliyoachwa jioni ikipokea sasisho la Windows, asubuhi ikakutwa na skrini nyeusi au ikijizima na kujiwasha bila kufika popote, kwa kawaida hupelekwa kwa fundi, na fundi mwenye haraka huwa na dawa moja tu, nayo ni kupiga window upya, yaani kufuta na kusakinisha Windows tena. Kompyuta hupona kweli, lakini shangazi yangu alirudishiwa yake ikiwa nyeupe kama iliyotoka dukani, bila hesabu za kikoba alizokuwa amezijaza kwa miaka mitatu. Hasara ya namna hiyo mara nyingi huweza kuepukwa, kwa kuwa sasisho bovu huvuruga mafaili ya mfumo endeshi na draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, ilhali picha, barua na hesabu za mwenye kompyuta hubaki mahali pake kwenye diski. Hatua zifuatazo zinahusu Windows 10 na Windows 11, na zinaanzia kwenye zile zisizogusa mafaili yako.

Kwanza hakikisha kwamba kompyuta imekwama kweli. Katika mashine yenye diski ya zamani ya kuzunguka, asilimia zinaweza kusimama pale pale kwa saa nzima huku kazi ikiendelea, na taa ndogo ya diski inayopepesa ni ushahidi kwamba hujapaswa kuingilia. Ipe saa mbili au tatu, chaja ikiwa imechomekwa, maana kuzimika katikati ya sasisho, iwe kwa mkono wako au kwa umeme kukatika, kunatosha kuzaa tatizo hili hili. Ikiwa bado haisogei, chomoa printa, flashi na kadi za kumbukumbu, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia bila kukiachia kwa sekunde 10 au zaidi mpaka izime kabisa.

Iwashe tena, na mara tu nembo inapotokea izime kwa namna ile ile. Ukirudia hivyo mara mbili, kwa kawaida Windows hutambua kwamba imeshindwa kuwaka na katika kuwashwa kunakofuata hufungua mazingira yake ya ukarabati, ambayo ni skrini ya buluu yenye maneno «Choose an option». Kompyuta inayofika kwenye skrini ya neno la siri haihitaji mateso hayo: shikilia kitufe cha Shift huku ukichagua «Restart», nawe utafika pale pale. Kutoka hapo pita «Troubleshoot», kisha «Advanced options».

Hapa wengi hukutana na jambo wasilolitarajia, kwani kompyuta huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Kompyuta nyingi zenye Windows 11 hufunga diski kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha yaliyomo, pale mwenye nayo anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, naye huwa hana habari. Chukua simu, fungua aka.ms/myrecoverykey, ingia kwa akaunti ile ile iliyotumika kwenye kompyuta, kisha linganisha herufi 8 za mwanzo za utambulisho wa ufunguo (Key ID) zilizo kwenye skrini na zile zilizo kwenye simu, kwa sababu akaunti moja inaweza kuwa na funguo kadhaa. Fundi anayejigamba kwamba ataifungua diski hiyo bila ufunguo anauza maneno.

Ndani ya orodha ya «Advanced options», chagua «Uninstall Updates». Utaona njia mbili: moja huondoa sasisho dogo la kila mwezi, na nyingine hurudisha toleo zima lililotangulia. Anza na lile dogo. Kurudi kwenye toleo la nyuma huwezekana kwa kawaida ndani ya siku 10 tu, kwa kuwa baada ya hapo folda ya Windows.old inayohifadhi mfumo wa zamani hufutwa. Ikishindikana, jaribu «System Restore», ambayo huirudisha mipangilio ya mfumo katika siku ya nyuma bila kugusa mafaili yako, mradi kipengele hicho kiliwahi kuwashwa. «Startup Repair», inayojaribu kutengeneza uwakaji yenyewe, naiweka nyuma ya hizo, maana katika tatizo la sasisho mara nyingi huzunguka tu na kutangaza kwamba imeshindwa.

Usiidharau pia Safe Mode, yaani Windows inayowaka na vitu vya lazima tu, inayopatikana kupitia «Startup Settings» kwa kubonyeza namba 4. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, na tiba iliyotolewa ilikuwa kuingia huko na kufuta faili lenye kasoro.

Yote yakikataa, okoa mafaili kwanza. Chomeka flashi au diski ya nje, fungua «Command Prompt» (dirisha la kuandikia amri, lililo katika orodha ile ile), andika notepad na ubonyeze Enter. Katika dirisha litakalotokea, chagua «File», kisha «Open», na pale chini badilisha aina ya faili iwe «All Files». Sasa una njia ya kupita katika diski nzima: ingia folda ya Users, bofya folda yako kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nakili, kisha bandika kwenye flashi. Dirisha litaonekana limeganda kwa sababu halionyeshi maendeleo ya kunakili, kwa hiyo subiri. Herufi za diski huweza kubadilika humo, na C uliyoizoea ikawa D.

Mazingira yenyewe ya ukarabati huweza kuharibika. Sasisho la Windows 11 la tarehe 14 Oktoba 2025 lilizima kibodi na vipanya vya USB ndani yake, mpaka marekebisho yalipotoka siku 6 baadaye. Hapo huna budi kuazima kompyuta nyingine isiyo na tatizo, kupakua Media Creation Tool, programu ya kuandaa flashi ya Windows, kutoka tovuti ya Microsoft, na kuandaa flashi ya GB 8 au zaidi ambayo haina kitu unachokihitaji, kwa kuwa itafutwa yote. Andaa pia bando la kutosha, maana upakuaji wake hula GB kadhaa. Washa kompyuta yako kupitia flashi hiyo, kwa kubonyeza F12 inapowaka katika Dell na Lenovo nyingi au F9 katika HP, kisha chagua sehemu ya kutengeneza na uiache ile ya kusakinisha.

Baada ya kuokoa mafaili ndipo «Reset this PC», inayosakinisha Windows upya na kupatikana chini ya «Troubleshoot», inapokuwa na nafasi yake, ukichagua «Keep my files». Programu ulizosakinisha zitaondoka, nawe utaachiwa orodha ya majina yake kwenye eneo-kazi.

Kompyuta ikishawaka, nenda moja kwa moja kwenye mipangilio ya Windows Update na usimamishe masasisho kwa muda. Windows 11 huruhusu hadi wiki 5. Usipofanya hivyo, sasisho lile lile ulilolitoa kwa jasho linaweza kurudi usiku huo huo.