Ukiambiwa "wewe si ndo mwandishi" msibani: namna ya kuandika wasifu wa marehemu

Ukishajulikana kwenye ukoo kwamba unaandika andika, hata kama ni vishairi tu unaweka status, basi jua msiba ukitokea wasifu ni kazi yako. Baba mdogo au mjomba atakuita pembeni usiku, turubai limeshafungwa, akina mama wako kwenye masufuria, atakupa daftari na kukwambia ibada ni kesho saa sita tuandalie historia ya marehemu. Mi nimeshaandika kadhaa za kwetu na naipenda hii kazi kuliko zote, maana sijaona andiko lingine ambalo ukoo mzima unakaa kimya kulisikiliza, wasiojua kusoma wapo, wasioongeleshana pia wapo.

Usianze kuandika, anza kuuliza. Na usianze na watoto wake, wao wanamjua baba, hawamjui kijana aliyetoka kijijini na begi la bati. Mtafute dada yake, mtu aliyefanya naye kazi, jirani wa zamani. Omba ruhusa, rekodi kwa simu, maana usiku ule kichwa hakishiki kitu. Halafu usiwasahau watani. Watani wanajua vitu ambavyo familia haivisemi na wanavisema kwa kicheko.

Tarehe ndo zinasumbua. Wazee wetu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, iliyoko kwenye kitambulisho mara nyingi ni ya kukadiria. Sasa ukimuuliza bibi "alizaliwa mwaka gani" hutapata kitu, muulize kulikuwa na nini. Uhuru wa 1961 ulimkuta anachunga au ameshaoa? Azimio la Arusha la 1967 je? Walipohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya sabini alikuwa na watoto wangapi? Mtoto gani alikuwa mgongoni wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979? Kama alikuwa reli au bandarini uliza Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyovunjika 1977 alikuwa wapi, wengi maisha yao yalibadilika pale. Ukipata matukio mawili matatu unapata mwaka wa karibu, na bado unaandika "mnamo mwaka" bila kutaja siku ambayo hakuna anayeijua.

Hapa kwenye wajane na watoto tulia kabisa. Usiamue mwenyewe nani anatajwa. Nenda kwa mkubwa wa ukoo, kaa naye peke yake, muulize watoto wote ni wangapi, mama zao ni akina nani, na umsomee orodha jina kwa jina. Wasifu siyo hati ya mirathi, mirathi ina kikao chake cha ukoo na muhtasari wake unapelekwa Mahakama ya Mwanzo, ila mtoto akikaa pale kwenye kiti cha plastiki akasikia wenzake wanatajwa na yeye anarukwa, tena si kwa bahati mbaya bali makusudi, hilo jeraha anaondoka nalo. Mi huwa nawatetea hawa kwa wazee, kwa adabu, "baba, na fulani tumuweke wapi?" Mara nyingi mzee ananyamaza kidogo halafu anasema muweke. Ugonjwa nao ni hivyo hivyo, familia isipotaka utajwe andika aliugua kwa muda, inatosha, lakini usitunge ugonjwa mwingine.

Sasa yale maneno ya "alikuwa mcheshi, mchapakazi na mpenda watu", achana nayo. Kila marehemu anaambiwa hivyo. Andika alichokuwa anafanya yeye tu. Babu mmoja wa kwetu alikata mkonge Tanga ujana wake wote, na hata alipoacha kazi alikuwa halali bila kunoa panga. Niliandika hivyo tu, na iliposomwa watu wakacheka huku wanalia na mtani mmoja akainuka akaanza kunoa panga hewani. Sifa zote zilikuwa humo.

Urefu ukurasa mmoja na nusu, dakika tano hivi, sentensi fupi kwa sababu spika za msibani zinarudisha mwangwi. Soma kwa sauti kabla, wazee wasikie kabla hujaprinti. Herufi kubwa. Msomaji awe mjukuu au mkwe, mtu atakayeweza kufika mwisho, na mwelekeze majina ya kikwetu yanavyotamkwa. Kumalizia kanisani kunajulikana, Bwana ametoa na Bwana ametwaa, hapo huna haja ya kujitafutia maneno mapya. Msiba ukiwa wa Kiislamu maziko yanaweza kuwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo uliza kwanza kama wasifu utasomwa, siku gani, labda kwenye arobaini.

Zile rekodi usizifute. Hamishia kwenye laptop, andika jina la aliyeongea na mwaka, maana hao uliowarekodi ni wazee pia. Hadithi zangu nyingi zimeanzia humo, ila kabla sijaandika chochote kilichosemwa usiku wa msiba huwa namrudia aliyekisema nikamwuliza, shangazi, hili naweza kuliandika? Wengine wanakataa, naliacha. Wengine wanavuta kiti wanaanza kuniambia na lile walilolibakiza.