Jinsi ya Kujua Kila Kifaa cha Umeme Nyumbani Kinakula Shilingi Ngapi

Yuniti za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla wa Uganda, zikiisha kabla mwezi haujafika katikati, lawama ya kwanza katika nyumba nyingi huangukia taa iliyoachwa ikiwaka au simu iliyosahauliwa kwenye chaja. Mara nyingi lawama hiyo haina msingi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukokotoa gharama ya kila kifaa kwa shilingi, namna ya kuihakiki hesabu hiyo kwa mita yako mwenyewe, na mahali ambapo kubana matumizi huokoa fedha za kuonekana. Tutaanza na bei, kwa sababu asiyeyaelewa madaraja yake hawezi kujua kifaa kinamgharimu nini.

Yuniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa muda wa saa moja. Bei yake hupangwa na Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA, ambayo huipitia kila robo ya mwaka kwa kuzingatia thamani ya shilingi mbele ya dola, mfumuko wa bei na bei ya mafuta. UEDCL, kampuni ya serikali, ilipopokea kazi ya usambazaji kutoka kwa kampuni ya Umeme mwezi Aprili 2025, mteja wa nyumbani alinunua yuniti 15 za kwanza za mwezi kwa shilingi 250 kila moja. Kuanzia yuniti ya 16 hadi ya 80 alilipa takriban shilingi 756. Kuanzia ya 81 hadi ya 150 bei ilishuka hadi shilingi 412, nayo ndiyo inayojulikana kama bei ya kupikia. Na alipovuka 150 alirudi kwenye 756. Juu ya bei hizo huongezwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, hivyo yuniti ya daraja la kwanza ilimfikia mteja kwa takriban shilingi 295, ya daraja la kati kwa 892, na ya kupikia kwa 486. Bei hubadilika, kwa hiyo tazama tangazo la robo inayoendelea na uweke namba zake mahali pa hizi. Katika hesabu zinazofuata nitatumia shilingi 900 kwa yuniti, ambayo ni bei ya daraja la kati pamoja na kodi, ili namba ziwe nyepesi kukokotoa kichwani.

Kusoma kibandiko na kupiga hesabu

Kila kifaa kina kibandiko au maandishi yaliyochongwa nyuma au chini yake. Geuza pasi ikiwa imepoa na kuchomolewa, utakuta karibu na mahali waya unapoingilia maandishi kama haya: 220–240V, 50Hz, 1000–1200W. Namba unayoitafuta ni ile inayofuatwa na herufi W, yaani wati. Ikiwa kibandiko kimetaja ampia peke yake, zidisha ampia hizo kwa 240, ambao ndio msukumo wa umeme wa majumbani Uganda, nawe utapata wati za kukadiria. Baada ya hapo zidisha wati kwa saa za matumizi ya siku, gawanya kwa 1,000 upate yuniti, kisha zidisha kwa siku 30 na kwa bei.

Tuanze na taa inayolaumiwa. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila usiku hutumia yuniti 1.35 kwa mwezi, yaani kama shilingi 1,200. Balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi unaong'aa ndani ya kioo, ikiwaka saa hizohizo hutumia yuniti 9, sawa na shilingi 8,100. Kuibadilisha ni kazi ya siku moja na inalipa haraka. Lakini nyumba ambayo tayari ina LED kila chumba haina fedha ya maana ya kuokoa kwenye taa. Simu ndiyo kabisa: betri ya kawaida ikijazwa kila siku kwa mwezi mzima haifikishi yuniti moja.

Runinga ya inchi 32 hutumia kiasi cha wati 50, na ikitazamwa saa 6 kwa siku inakula yuniti 9 kwa mwezi, sawa na shilingi 8,100. King'amuzi kilicho chini yake ndicho kinachostahili kuangaliwa zaidi. Vingine hutumia wati 10 hadi 15 hata baada ya kuzimwa kwa rimoti, kwa kuwa rimoti hukilaza tu na haikikatii umeme. Chukua wati 12 kwa saa 24, kwa siku 30: ni yuniti 8.6, karibu shilingi 7,800, na sehemu kubwa ya fedha hiyo inalipwa wakati watu wamelala au wako kazini. Zima kwenye soketi ukutani. Iguse sehemu ya juu ya king'amuzi asubuhi kabla hujakiwasha. Kikiwa na joto, kimekuwa kikila umeme usiku kucha.

Kinachosemwa na mita

Hesabu ya kibandiko ina kasoro moja: wati zilizoandikwa ni za kifaa kinapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Friji ya wati 120 haivuti wati 120 mfululizo, kwa sababu mashine yake ya kupoza hunguruma kwa muda, ikanyamaza ubaridi ukitosha, kisha ikaanza tena. Pasi nayo hujikata ikipata moto. Kwa vifaa vya namna hii, iamini mita kuliko kibandiko.

Njia rahisi ni ya usiku. Kabla ya kulala, chomoa vifaa vyote isipokuwa friji, kisha soma salio la yuniti kwenye kile kidude cha vitufe unachoingizia tokeni na uliandike pamoja na saa. Asubuhi soma tena kabla hujawasha chochote. Tuseme salio lilikuwa 41.6 saa nne usiku, na likawa 41.2 saa mbili asubuhi: friji imetumia yuniti 0.4 kwa saa 10, ambayo ni karibu yuniti moja kwa siku nzima, au shilingi 27,000 kwa mwezi. Mchana itatumia zaidi kidogo kwa sababu mlango hufunguliwa mara kwa mara na chumba huwa na joto. Ukipata namba iliyo mara mbili ya hiyo kwa friji ndogo, kagua mpira wa mlango: bana karatasi kati ya mlango na friji, uivute, na ikitoka bila kukaza ujue ubaridi unavuja. Angalia pia kama imesukumwa hadi ukutani, kwa maana joto inalolitoa nyuma linahitaji nafasi ya kuondokea.

Mita iliyo mahali inapoonekana vizuri ina taa ndogo nyekundu inayopepesa. Ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani mipepeso 1,000 kwa kila yuniti, hesabu mipepeso ya dakika 6 na uizidishe kwa 10. Jibu ni wati zinazotumika nyumbani kwa wakati huo. Kwa njia hiyo unaweza kuwasha kifaa kimoja baada ya kingine na kuona kila kimoja kinaongeza nini. Hata hivyo mita ikiwa juu ya nguzo, tumia njia ya salio. Hakuna sababu ya mtu kupanda nguzo ya umeme.

Joto ndilo linalomaliza yuniti

Ukishapima vifaa vichache utaona jambo moja likijirudia: kinachotoa mwanga, sauti au picha hula kidogo, na kinachotoa joto hula sana. Hapa ndipo juhudi yako inapaswa kuelekea.

Anza bafuni. Hita ya kuoga inayopasha maji papo hapo inaweza kuvuta wati 5,000. Mtu mmoja akioga dakika 10 ametumia yuniti 0.83, kama shilingi 750. Watu wanne wakioga hivyo mara moja kila siku, nyumba inatumia yuniti 100 kwa mwezi kwa kuoga tu, kabla taa hata moja haijawashwa. Maji ya beseni ya lita 10, yakipashwa kutoka nyuzi 22 hadi 42, yanahitaji takriban robo ya yuniti, yaani shilingi 225. Asiyetaka beseni apunguze dakika, kwa sababu kila dakika ya maji ya moto ni kama shilingi 75. Tangi la lita 50 huhitaji yuniti 2.2 hivi kufikia nyuzi 60, na likiachwa limewashwa mchana kutwa hupoteza joto na kulipasha upya bila mtu kuoga. Liwashwe saa moja na nusu kabla ya kutumika, kisha lizimwe. Kuhusu koili ya kutumbukiza kwenye ndoo, nasema kwa msisitizo wote: chomoa kwenye soketi kabla ya kuyagusa maji, na usiiache mahali mtoto anapofika.

Birika la umeme huogopwa kuliko linavyostahili. Lina wati 2,000, kweli, lakini linafanya kazi kwa dakika chache. Lita moja ya maji hadi kuchemka, ambayo Kampala hutokea kwenye nyuzi 96 hivi kwa sababu ya mwinuko, hula karibu yuniti 0.1, yaani shilingi 90. Kosa ni kulijaza lita mbili kwa ajili ya kikombe kimoja, au kuchemsha maji yaleyale mara tatu wakati thamosi ipo. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja hula kati ya nusu yuniti na yuniti moja. Nguo za wiki zikipigwa kwa mkupuo mmoja, pasi haipashwi moto upya kila asubuhi kwa ajili ya shati moja.

Jikoni ndiko madaraja ya bei yanakobadilisha hesabu. Maharage kwenye jiko la koili la wati 1,500, hata ukipunguza moto baada ya kuchemka, yanaweza kula yuniti 1.5 hadi 2. Yakilowekwa usiku na kupikwa kwenye presha ya umeme ya wati 1,000, hutumia kama nusu yuniti, kwa sababu presha hujikata mara kwa mara na joto halitoroki. Sasa angalia bei. Nyumba inayotumia yuniti 80 kwa mwezi bila kupika, ikiongeza mapishi, inanunua yuniti zile za ziada kwa 486 pamoja na kodi, si 892. Maharage hayo ya presha yanagharimu kama shilingi 243. Ilinganishe na makaa unayochoma kwa saa mbili za maharage, kwa bei ya mkebe au gunia mtaani kwako, ndipo uamue. Matoke ya kufukizwa ndani ya majani kwa saa nyingi sikushauri uyapeleke kwenye koili. Jiko la makaa linayafaa zaidi.

Kwa mantiki hiyohiyo, anayeokoa yuniti huokoa zile za mwisho za mwezi. Mwenye matumizi ya yuniti 75 akipunguza 10, anaokoa karibu shilingi 8,900. Mwenye matumizi ya 120 akipunguza 10 zilezile, anaokoa 4,900 tu.

Wapangaji wanaotumia mita moja

Katika mizigo, yaani vyumba vya kupanga vilivyoungana, yenye mita moja, zile yuniti 15 za bei nafuu ni za mita, si za kila chumba. Kugawana gharama sawa kwa sawa humwonea mwenye balbu na redio. Kila chumba kiwekewe mita ndogo na fundi mwenye leseni, na mwisho wa mwezi fedha yote iliyolipwa igawanywe kwa yuniti zote zilizonunuliwa. Tuseme vyumba vitano vimenunua yuniti 130: kwa bei za hapo juu pamoja na VAT ni takriban shilingi 86,700, wastani wa 667 kwa yuniti. Chumba kilichotumia 12 kinalipa 8,000, na chenye hita kilichotumia 48 kinalipa 32,000. Wangegawana sawa, kila kimoja kingelipa 17,340. Risiti za ujumbe wa simu zihifadhiwe na namba za mita ndogo zisomwe siku moja na saa moja wapangaji wote wakiwepo, kisha ziandikwe kwenye daftari linalokaa mahali kila mmoja anaweza kulifungua.