Namna ya kupunguza ulaji wa mafuta katika gari dogo la gia za mkono

Mwongozo huu unawahusu wenye magari madogo ya petroli yenye gia za mkono, yaani yale ya injini ya takriban sentimita za ujazo 1000 hadi 1500. Mfano nitakaoutumia ni Toyota Starlet ya injini ya 4E-FE, yenye sentimita za ujazo 1331 na mfumo wa EFI, yaani ule ambao kompyuta ndiyo huipimia injini petroli, ambayo ingawa iliacha kutengenezwa mwaka 1999 bado ipo nyingi katika barabara za Tanzania na Kenya. Mwenye gari jingine la ukubwa huo atayaona mengi ya hapa yakimfaa vilevile, isipokuwa pale nitakapotaja kabureta, kifaa cha magari ya zamani kinachochanganya petroli na hewa bila kompyuta.

Huwezi kupunguza usichokipima, na mshale wa tangi si kipimo. Jaza tangi hadi bomba la pampu lijikate lenyewe mara ya kwanza, usikubali mhudumu aongeze matone ya kufikisha hesabu kamili ya shilingi, kisha andika kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida mpaka tangi lipungue zaidi ya nusu, rudi kwenye pampu ileile, jaza kwa namna ileile, na ugawanye kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Kilomita 420 kwa lita 28 ni kilomita 15 kwa lita. Rudia kwa matangi matatu hivi kabla ya kuamini wastani wako, kwa sababu tangi moja lenye safari ya Morogoro na jingine la foleni ya Mbagala haviwezi kulinganishwa. Anayenunua mafuta ya elfu kumi kumi kila jioni hatajua kamwe gari lake linakula kiasi gani, na anayehesabu kwa shilingi badala ya lita atapotoshwa na bei kikomo, ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, huzitangaza upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Ukishapata wastani wako, anza na kitu ambacho mafundi wengi wamekitoa kwa nia njema, nacho ni themostati. Kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke hadi kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, ambalo kwa injini nyingi za aina hii ni kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Kwa kuwa nchi zetu ni za joto, imezoeleka kuaminiwa kwamba huku haihitajiki, hivyo gari likichemka mara moja tu themostati hutolewa na kutupwa. Matokeo yake ni kwamba, hasa katika mwendo wa barabara kuu ambapo upepo unaipoza rejeta kwa nguvu, maji hubaki vuguvugu, sensa ya joto huiarifu kompyuta kwamba injini bado ni baridi, na kompyuta huendelea kuongeza petroli kama inavyofanya asubuhi gari linapowashwa. Oili nayo hubaki nzito na injini huchakaa mapema. Ukiona mshale wa joto hauinuki hadi karibu na katikati baada ya robo saa ya mwendo, au unashuka kila unapokimbia na kupanda kila unapoingia kwenye foleni, mwambie fundi afungue aangalie. Akikujibu kwamba gari litachemka likirudishiwa themostati, basi lina ugonjwa mwingine, kama vile rejeta iliyoziba, feni isiyowaka au gasketi ya silinda hedi iliyoungua, na huo ndio unaopaswa kutibiwa.

Breki zinazokamata ni mwizi wa pili, na huiba bila kelele. Simamisha gari mahali tambarare, achia breki ya mkono, weka nyutro na ulisukume: gari dogo lenye afya huondoka kwa nguvu za mtu mmoja bila kukunja uso. Kisha, baada ya safari fupi ambayo hukukanyaga breki kwa nguvu, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, huenda pini za kaliper, yaani kishikio kinachobana diski ya breki, zimekauka grisi, au kebo ya breki ya mkono imevutwa kupita kiasi na fundi aliyetaka ishike mapema.

Kuhusu upepo wa tairi, nitasema kwa kiasi, kwa sababu husifiwa kupita uwezo wake. Serikali ya Marekani, kwenye mwongozo wake wa matumizi ya mafuta, inakadiria hasara ya takriban asilimia 0.2 kwa kila psi moja (kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji) inayopungua katika wastani wa tairi zote nne. Tairi zilizopungukiwa psi 10, ambalo ni jambo la kawaida kabisa, zitakugharimu asilimia 2 hivi. Si haba, lakini tairi kuchakaa pembeni na kupata joto katika safari ndefu ni madhara makubwa zaidi. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na hupimwa tairi zikiwa baridi. Kujaza kupita hapo ili gari liwe jepesi kunapunguza mshiko kwenye lami yenye maji, na sikushauri.

Mengine ya gereji yapite haraka. Oili ya 20W-50 ikitiwa kwenye injini nzima iliyoandikiwa oili nyepesi zaidi, kama 5W-30 au 10W-30, huongeza ulaji, hivyo fuata kitabu cha gari, isipokuwa injini iwe imechoka kiasi cha kula oili. Taa ya injini ikiwaka, au ncha ya ekzosi ikijaa masizi meusi makavu, kagua sensa ya oksijeni na plagi kabla ya kulaumu kingine chochote. Chujio la hewa lichafu huinyima injini nguvu, lakini vipimo vya maabara ya Oak Ridge ya Marekani vya mwaka 2009 vilionyesha kwamba katika magari ya EFI ya kisasa haliathiri ulaji kwa kiasi cha maana, maana kompyuta hupunguza petroli kulingana na hewa iliyoingia. Katika gari la kabureta hali ni tofauti, na huko ulisafishe mara kwa mara. Vifaa vya sumaku vinavyofungwa kwenye bomba la mafuta, pamoja na vidonge vya kutia kwenye tangi, viache dukani.

Sasa tuje kwenye uendeshaji, ambako ndiko petroli nyingi zaidi hupotea. Kila unapoongeza kasi unanunua mwendo kwa petroli, na kila unapokanyaga breki unaugeuza mwendo huo kuwa joto la diski. Hesabu yake inawezekana. Gari la kilo 1000 pamoja na dereva, likiwa katika kasi ya kilomita 80 kwa saa, limebeba nishati ambayo injini ndogo hutumia takriban mililita 30 za petroli kuizalisha, yaani vijiko viwili vya chakula. Ukikimbilia tuta kwa kasi hiyo na kusimama kwa breki mbele yake, umemwaga karibu zote. Matuta 35 ya namna hiyo yanakaribia lita moja, na anayeijua barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro, pamoja na vijiji vyake vya kasi ya 50, atakubali kwamba nafasi za kumwaga hazikosekani. Kwa hiyo mtazamo wa dereva anayebana mafuta hauishii kwenye gari lililo mbele yake. Huenda magari manne au matano mbele, hadi kwenye kibao cha tuta, kwenye taa iliyokwisha kuwa nyekundu, kwenye daladala inayoelekea kituoni. Anapoona sababu ya kupunguza mwendo, huinua mguu mapema na kuliacha gari lipungue lenyewe. Atafika kwenye tuta sekunde chache baada ya yule aliyempita kwa vishindo, na hatamsumbua askari mwenye tochi ya kupimia kasi.

Hapo ndipo swali la nyutro linapoingia. Madereva wengi, wakiona mteremko, hutoa gia na kuliacha gari litiririke wakiamini kwamba wanabana mafuta. Kwa gari la kabureta walikuwa na hoja kidogo. Kwa gari la EFI, ukiinua mguu wote kwenye pedali ya mafuta huku gia ikiwa imeingia na injini ikizunguka zaidi ya mara 1500 hivi kwa dakika, kompyuta hukata petroli kabisa, kwa kuwa injini inasukumwa na magurudumu na haihitaji kuchoma kitu ili iendelee kuzunguka. Petroli hurudishwa pale mizunguko inapokaribia ile ya sailensi, yaani ya injini iliyowashwa bila kukanyagwa mafuta. Ukitoa gia, injini inalazimika kujilisha yenyewe ili isizime. Ni kweli kwamba gari lililo kwenye nyutro hutiririka mbali zaidi, kwa sababu halivutwi nyuma na injini, na kwenye mteremko mdogo sana mtu anaweza kuonyesha kwa karatasi kwamba nyutro inashinda kwa matone. Matone hayo hayana thamani kwenye barabara yenye watu na bodaboda, ambako unaweza kuihitaji gia ghafla. Anayeshuka Kitonga akitokea Iringa ashuke na gia ya tatu au ya pili, mguu ukiwa umeinuliwa: injini itashikilia gari, breki zitabaki baridi, na kwa sehemu kubwa ya mteremko huo gari halitakula kitu. Unapokaribia kusimama, acha gia iwemo mpaka mizunguko ikaribie sailensi, kisha kanyaga klachi.

Katika kuondoka, wengi hukosea kwa upande usiotarajiwa: hukanyaga mafuta kidogo mno na kukaa kwenye gia ndogo kwa muda mrefu, wakidhani upole ndio ubanaji. Injini ya petroli hupoteza nguvu nyingi inapovuta hewa kupitia kilango cha hewa kilichofunguliwa kidogo tu, na hupoteza zaidi kadiri inavyozunguka upesi. Kinachofaa ni kanyagio la wastani, karibu nusu ya kina cha pedali, pamoja na kubadilisha gia mapema. Starlet nyingi hazina mshale wa mizunguko, kwa hiyo tumia kasi: kwenye tambarare, gia ya pili ifikapo kilomita 20 kwa saa, ya tatu kwenye 35, ya nne karibu na 50, na ya tano kuanzia 60. Gia ya kwanza ni ya kuondokea tu. Usikanyage hadi sakafuni, kwa maana hapo kompyuta huongeza petroli kupita kipimo ili kupata nguvu na kuipoza injini.

Sikio lako ndilo litakalokuonya ukizidisha. Gari likitetemeka, likigonga, au ukiongeza mafuta lisiitike, umeiweka injini chini ya uwezo wake. Shusha gia bila kuona haya. Kilimani, shusha kabla gari halijachoka, kwa sababu kulisubiri lipoteze mwendo wote hukulazimisha kuununua upya kwa gia mbili chini. Na mguu wa kushoto usipumzike kwenye klachi: huko ni kuteleza kusikosikika, kunakokula petroli pamoja na klachi pleti. Ukisimama kwenye mlima wa foleni, tumia breki ya mkono badala ya kulishikilia gari kwa klachi.

Kwenye barabara kuu, kasi yenyewe ndiyo bei. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, hivyo kutoka 80 hadi 100 unaongezeka kwa asilimia 56, na gari dogo lenye pua butu na injini ndogo hulihisi hilo kuliko gari kubwa. Anayesafiri kwa kilomita 80 hadi 90 kwa saa katika gia ya tano, pedali ikiwa imetulia, ataona tofauti kwenye tangi moja tu. Keria tupu juu ya paa ishushwe. Uzito kwenye buti nao una hesabu yake, kwani kilo 45 za ziada huondoa takriban asilimia moja, na katika gari jepesi huwa zaidi kidogo. Kiyoyozi huila injini ndogo sehemu kubwa ya nguvu zake. Mjini, katika mwendo wa taratibu, madirisha yanatosha, lakini kwenye kasi ya 80 na kuendelea madirisha yaliyo wazi huongeza ukinzani kiasi kwamba nafuu ya kuzima kiyoyozi hupungua sana, na joto la Chalinze saa nane mchana lina haki ya kusikilizwa.

Foleni haina dawa kamili. Acha nafasi mbele yako ili uende kwa mwendo wa polepole usiokatika katika gia ya kwanza au ya pili, badala ya kuruka na kusimama kila mita tano. Injini ya ukubwa huu ikiwa sailensi hula karibu nusu lita au zaidi kwa saa, na kuwasha upya injini yenye moto hakuzidi sailensi ya sekunde kumi hivi. Mahali ambapo unajua utasimama zaidi ya dakika moja, kama kwenye kivuko cha reli au kwenye foleni ya pantoni ya Kigamboni, zima. Starta na betri zikiwa zimechoka, ngoja kwanza uzitengeneze, kwa maana gari lililogoma kuwaka wakati pantoni limeshafungua mlango litakugharimu maneno kuliko mafuta.